Puto halikufunguka, mshipa wa moyo wa baba una chokaa

Binti wa Pangani
Habari zenu. Baba ana miaka 71, kisukari anacho miaka ishirini sasa. Jumanne alipelekwa kuzibuliwa mshipa wa moyo kupitia kifundo cha mkono. Puto la kutanua mshipa likajazwa hadi likapasuka, mshipa umekaza vilevile. Wakatoka bila kuweka stenti, kile kibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Daktari amesema ni chokaa ngumu, atafutiwe hospitali yenye drili. Tangu alisikie neno hilo, baba hataki tena habari za hospitali. Kuna aliyepitia haya?

Mzee wa Chang'ombe
Pole binti yangu. Mimi nilifanyiwa mwaka juzi, nikiwa macho kabisa. Nilisikia mlio mwembamba kama wa mashine ya meno, sekunde chache, wanasimama, wanaanza tena. Kifua kilibana kidogo. Kesho yake nilikunywa uji nyumbani.

Nesi wa kathlabu
Dada, mimi niko kathlabu, chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, na nashukuru hawakulazimisha stenti. Stenti ikiwekwa juu ya chokaa isiyovunjwa haitanuki sawasawa, na hiyo ndiyo huja kuganda damu au kuziba upya. Chokaa kwanza, stenti baadaye.

Hiyo "drili" ni kichwa kidogo, mara nyingi milimita 1.25 au 1.5, kimepakwa chembe za almasi. Huzunguka kama mara 140,000 hadi 180,000 kwa dakika na kusaga chokaa iwe vumbi laini kuliko chembe za damu. Sehemu laini ya mshipa husogea pembeni, kigumu ndicho kinacholiwa. Hatari zipo, mshipa unaweza kutoboka, kwa hiyo apate mikono iliyozoea. Njia nyingine ni puto linalotoa mawimbi ya mshindo, kama yale ya kuvunja mawe ya figo. Linapasua chokaa ndani ya ukuta wa mshipa, ila kama njia ni nyembamba mno halipiti, drili hutangulia.

Uliza mambo mawili: wataupima mshipa kwa ndani kwa kamera au altrasaundi? Na imeziba mishipa mingapi? Kwa mwenye kisukari, ikiwa mingi, upasuaji wa kupandikiza mishipa mara nyingi ndio bora. Dawa alizoandikiwa asiache hata siku moja bila daktari wake kusema.

Binti wa Pangani
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nimwombe mzee wa Chang'ombe waongee wawili.