Acheni kudanganya watu kwamba fondanti ya nyumbani na ya dukani ni kitu kimoja

Wakuu, hili limenifika kooni. Kila anayeuliza anunue fondanti (lile donge laini la sukari linalosukumwa kufunika keki) au atengeneze, majibu ni yale yale: "Tengeneza mwenyewe, ni rahisi, hakuna tofauti." Tofauti ipo, tena kubwa! Ya dukani huwa na gundi za chakula kama CMC (unga mweupe wa kukazia) zinazoifanya ivutike na kushika kona. Ya nyumbani inategemea jelatini (kigandishi kinachotokana na wanyama) au mashimelo (zile peremende laini kama sponji), kwa hiyo ina ladha nzuri zaidi lakini hulegea mapema kukiwa na joto na unyevu.

Halafu mnatoa resipe za vikombe. Kikombe cha sukari ya unga iliyochekechwa na cha iliyoshindiliwa havina uzito mmoja, sasa mtu afuate kipi? Pimeni kwa mizani: sukari ya unga 900 g, jelatini 10 g, maji baridi 60 ml, glukosi ya maji 120 ml, gliserini 15 ml, mafuta ya kuganda 30 g. Jelatini iloweke dakika 5, kisha iyeyushwe juu ya maji ya moto. Isichemke, maana ikichemka inapoteza nguvu ya kugandisha. Changanya glukosi, gliserini na mafuta humo, ndipo umimine kwenye sukari. Katika hiyo sukari, kama 150 g weka pembeni, uiongeze kidogo kidogo ukiona bado inanata. Paka mafuta, funga kwenye nailoni, ilale usiku kucha. Hatua hii ya kulala ndiyo mnayoiruka kwenye maelezo yenu, halafu mtu anaisukuma ikiwa ya moto inachanika, anaambiwa hajui kukanda.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni huu ushauri wa "ongeza sukari". Fondanti imepasuka kingo, ongeza sukari. Imekuwa na mikunjo kama ngozi ya tembo, ongeza sukari. Jamani, hiyo imekauka! Inataka nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kuganda, au matone machache ya gliserini, ikandwe hadi iwe laini. Na hayo matone yasizidi, kwa sababu gliserini huvuta unyevu na fondanti haitakaza tena. Sukari ni ya inayonata. Inayoning'inia na kushuka ubavuni mwa keki, kanda na CMC nusu kijiko cha chai kwa kila 250 g, uiache ipumzike. Konifulawa ya kunyunyizia mezani nayo iwe kidogo, ikizidi inakausha uso.

Nyeusi na nyekundu iliyokolea, nunueni iliyokwisha kutiwa rangi. Kuifikisha nyeupe huko kunataka rangi nyingi mno, inalegea na kuacha uchungu mdomoni. Keki ya ghorofa kadhaa yenye kona kali, nunueni pia. Keki moja ya kawaida ya watu wanaojali ladha, hapo ya nyumbani haina mpinzani, mradi isukumwe unene wa milimita 3 hadi 4.

Wauzaji nao wasijifiche. Mnafungua ndoo kubwa, mnapakia kwenye vimfuko vyepesi bila tarehe wala viambato, mteja anafika nyumbani na jiwe. Kuna watu hawali jelatini ya nguruwe, wengine hawali ya mnyama yeyote. Watajuaje bila lebo? Wanunuzi, bonyezeni kabla ya kulipa. Nzuri huingia kidole bila kupasuka.

Na wewe unayesema "weka tu kwenye friji", malizia maelezo. Keki iingie ndani ya boksi la karatasi lililofungwa, na ikitoka boksi lisifunguliwe hadi keki iishe ubaridi wote. Ukilifungua mapema, hewa yenye unyevu inagandia juu ya fondanti, inatoa jasho, rangi zinachuruzika.