Narudi Dar mwezi ujao: ninunue simu gani ya intaneti kwa kazi ya nyumbani?

Shikamooni kaka na dada zangu,

Mwezi ujao natoka Birmingham, nahamia Tabata. Mwajiri amekubali niendelee na kazi yangu nikiwa Dar, ambayo ni kupokea simu za wateja wa Uingereza kutwa nzima. Nimeangalia simu za mezani za intaneti, ziko nyingi na bei zinanichanganya. Ninunue ipi?

—

Marahaba mdogo wangu, na karibu nyumbani.

Simu ya mezani iweke kando kwanza. Huu ni mwaka wangu wa nne nafanya kazi kama yako hapa Mbezi, na kifaa hakijanisumbua hata siku moja. Kinachosumbua ni mtandao na umeme, basi pesa yako ianzie huko.

Watu wakitafuta faiba, yaani intaneti ya waya inayoletwa hadi nyumbani, huuliza kasi tu. Sauti haihitaji kasi kubwa: kwa kodeki ya kawaida (njia ya kugeuza sauti kuwa data), G.711, simu moja inakula kama kbps 87 kila upande, yaani saa nzima ya maongezi ni MB 80 hivi kwa pande zote mbili. Kifurushi kidogo kabisa cha faiba kinabeba. Kinachoharibu sauti ni kuchelewa, hasa kuchelewa kusikolingana, pakiti moja (kipande kidogo cha sauti) inawahi na inayofuata inasuasua, mteja anasikia maneno nusunusu. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inashauri sauti isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana, mnaanza kudakiana maneno. Kutoka Dar hadi Ulaya sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na umbali wenyewe, kwa hiyo muulize mwajiri seva za simu zao, yaani kompyuta zinazopitisha simu, ziko wapi. Mimi nilianza na kampuni yenye seva Marekani: mteja yuko Leeds, mimi Mbezi, na sauti inavuka Atlantiki kwenda na kurudi. Tulipohamia kwenye seva za London nilisikia tofauti siku ileile.

Halafu kuna suala la saa, ambalo hukuuliza. Saa tatu asubuhi ya London ni saa tano hapa wakati wa kiangazi chao, na saa sita mchana wakati wa baridi yao. Kwa hiyo utafunga kazi saa moja jioni au saa mbili usiku, muda ambao mtaa mzima umesharudi na kila sebule inaangalia filamu kwa faiba hiyohiyo. Fundi akija kukupimia saa nne asubuhi atakuonyesha namba nzuri sana. Usizitegemee. Tafuta jirani mwenye huduma unayoitaka, mwombe upige simu ya Uingereza kutoka kwake saa moja jioni, siku mbili tatu, kabla hujalipia chochote.

Umeme: nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoshika umeme ukikatika. Mimi niliinunua, umeme ulipokatika ruta ikaendelea kuwaka na intaneti hakuna, kumbe kile kisanduku cha faiba cha ukutani nilikisahau. Vichomeke vyote viwili. Weka pia modemu ya 4G yenye laini ya kampuni nyingine. Lakini Mei 2024 kebo za chini ya bahari zilipokatika, hata 4G ilikuwa inajikokota, na kilichoniokoa ni ofisi kuelekeza simu zangu kwa mwenzangu aliyeko Leeds. Mpango huo uombe kabla hujapanda ndege.

Kifaa sasa. Programu kwenye laptopu inatosha, na hedseti ya waya yenye maiki karibu na mdomo, maana kunguru wa Dar na bajaji hawangoji umalize kuongea. Laptopu iunganishe na ruta kwa waya, achana na waifai. Ukiona mnasikika upande mmoja tu, ingia kwenye ruta uzime SIP ALG, mpangilio wa ruta unaovuruga simu za intaneti.

—

Naongezea kwa dada hapo juu. Namba yako ya mkononi ya Uingereza usiihamishie kwenye intaneti. Benki hutuma msimbo kwa ujumbe mfupi, na namba nyingi za intaneti hazipokei ujumbe huo. Iache kwenye laini yake. Kama ofisi inakutaka utumie VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi), TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wajisajili, kwa hiyo lishughulikie mapema. Na wote nyumbani wajue: dharura ni 112, kwa simu yenye laini ya hapa. Simu ya kazini yenye namba ya Uingereza haitakufikisha kwa polisi wa Tabata.

—

Asanteni sana. Nimeshaongea na shangazi. Jirani yake ana faiba na amekubali. Jumanne saa moja jioni binamu yangu atapeleka laptopu kwake na kunipigia huku kwa programu ya ofisi, na Alhamisi tutarudia.