Mjadala: Programu za vijana Kakuma ziwe za wakimbizi, au za kijana yeyote anayeishi Turkana Magharibi?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Naleta hoja ambayo huku kwetu inazungumzwa kila penye kivuli, ila kwenye warsha za mashirika watu huizunguka. Programu za vijana zilizojaa kambi ya Kakuma na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, huku kaskazini-magharibi mwa Kenya, yaani ufundi, kompyuta, mpira, kozi za mtandaoni, mitaji midogo, ziendelee kugawa watu kwa hadhi (huyu mkimbizi, huyu mwenyeji) au zifunguliwe kwa kila kijana anayeishi hapa?

Msimamo wangu nautoa mapema: zifunguliwe, na fedha nyingi zihamie kwenye shule za kutwa na vyuo vya ufundi vya serikali. Kambi ya Kakuma ilianza 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto darasani, na bado anahudumiwa kama mtu wa dharura. Kalobeyei ilifunguliwa 2016 kwa nia kwamba mkimbizi na Mturkana watumie shule moja, zahanati moja, soko moja. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 ikafuata wazo hilohilo, na Mpango wa Shirika wa serikali uliozinduliwa Machi 2025 unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida chini ya kaunti. Halafu soma tangazo lolote la mafunzo ubaoni: orodha mbili, foleni mbili. Tutaishi hivi mpaka lini?

Mwenyeji wa Kalobeyei

Mleta mada, umesema vizuri ila umeruka ardhi. Ardhi hii ni ya jamii, na tulipokubali Kalobeyei tuliahidiwa kwamba watoto wetu watanufaika. Ukisema "nafasi ni wazi kwa wote", atakayezipata ni aliye karibu na ubao wa matangazo, yaani kijana wa kambini au mtoto wa mwenye duka mjini Kakuma. Mdogo wangu anachunga mbuzi mbali huko. Habari zikimfikia, wenzake wameshapiga picha na vyeti.

Waganda wameandika kanuni kabisa kwamba asilimia 30 ya msaada iende kwa wenyeji. Sisi tunapewa kwa hisani, leo ipo, kesho mradi umefungwa. Na msiniambie habari za uchumi wa kambi. IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, mwaka 2018 walihesabu biashara zaidi ya 2,000 na mzunguko wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Kwa mahesabu hayo, kwa nini kijana wangu bado anauza kuni na makaa kwa watu wa kambini?

Mkivu wa Kakuma 3

Wandugu, mniwie radhi, mnagombania sahani tupu. Mimi ni Mkongomani wa Kivu, nimekulia hapa. Vyeti ninavyo: ushonaji, ufundi wa simu, ujasiriamali, na utatuzi wa migogoro, hicho cha mwisho mara mbili. Hakuna hata kimoja kilichonivusha Lodwar. Kutoka kunataka kibali cha safari, kibali kinataka sababu, na "natafuta kazi" haikubaliki kuwa sababu. Mafundi simu darasa zima wakihitimu siku moja kwenye mtaa mmoja, watatengeneza simu za nani?

Mwaka 2025 rasheni ilipopunguzwa watu wakapangwa kwa makundi, wengine wakaambiwa wanajiweza. Sawa, nijiweze. Lakini anayeniambia nijiweze anipe ruhusa ya kupanda basi la Kitale.

Shabiki wa riadha

Tusitupe kila kitu. Timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotokea Kakuma. Walichujwa hapahapa, wakalelewa na taasisi ya mwanariadha wetu Tegla Loroupe. Ile ilikuwa programu ya wakimbizi tu, na dunia nzima iliona matokeo. Ingefunguliwa kwa wote, kwa ushindani wa mbio za Kenya, nani angewatazama?

Mkivu wa Kakuma 3

Ndugu, kambi yao ya mazoezi ilikuwa wapi? Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Umenisaidia hoja. Walitolewa.

Mwalimu wa insentivu

Nafundisha shule ya msingi kambini. Wanafunzi wangu ni Wasudani Kusini, Wasomali, Warundi, na Waturkana kadhaa. Wanasoma mtaala wa Kenya, wanacheka kwa Kiswahili kimoja, na wakipigana wanapigana kwa sababu ya mpira, si kabila. Ule mchanganyiko anaouomba mleta mada upo tayari, tena bila mwezeshaji wala fulana za mradi. Unavunjika wakimaliza kidato cha nne. Hapo raia anaajiriwa kwa mshahara, mkimbizi mwenye cheti kilekile cha KCSE anaitwa mfanyakazi wa insentivu na kupewa posho ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara huo. Mimi na mwenzangu Mkenya tunagawana darasa, chaki na kelele, lakini siku ya malipo hatugawani kitu.

Kwa hiyo mimi sijali orodha ni moja au mbili. Fedha za warsha zilipe walimu. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati.

Kasulu Yetu

Nachangia nikiwa Kigoma. Warundi waliokimbilia Tanzania 1972, wakapelekwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa mashamba, wakalima, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Vijana wale hawakufunzwa ujasiriamali na mtu yeyote. Walikuwa na jembe na shamba.

Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ni habari nyingine. Huko kijana Mkongomani husomeshwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kwa sababu anatarajiwa kurudi kwao. Anamaliza shule akiwa na cheti ambacho Kasulu mjini hakimfungulii mlango. Nanyi mnaolalamikia orodha mbili, watoto wenu wanafanya mtihani mmoja. Msiidharau hiyo.

Mleta mada

Mwenyeji, nakubali kiwango cha wenyeji kiandikwe, na matangazo yafike mpaka kwa wanaochunga mbuzi. Kupitia machifu na redio inawezekana. Ila kiwango hicho kiwe kwenye chuo kimoja, chini ya mwalimu mmoja. Mwalimu, kwenye malipo hatupingani.

Mkivu, wewe nina swali nawe. Sheria ya 2021 inampa mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nafasi ya kuacha hadhi ya ukimbizi, akae na kufanya kazi kwa mujibu wa mkataba wa Jumuiya. Kongo imo, Sudan Kusini imo, Somalia nayo imeingia 2024. Karibu Kakuma nzima hiyo. Mbona huitumii?

Mkivu wa Kakuma 3

Nimeifikiria usiku mwingi, kaka. Kwanza nahitaji hati kutoka serikali ya nchi niliyoikimbia. Pili, nikishaacha ukimbizi, siku mtu akisema nirudishwe Kivu nitamwonyesha nini? Kadi ya mkimbizi hainilishi, lakini hairuhusu nirudishwe vitani. Nipeni kazi nikiwa nayo mfukoni, halafu tutaongea.

Mwenyeji wa Kalobeyei

Na sisi tusio na kadi ya kuacha, mtatuandikia lini ile asilimia? Mpango wa Shirika utakuwa na kamati za kaunti. Nataka kujua viti vya vijana ni vingapi, na vya nani.