195/65, 205/60 au 225/50? Matairi ya rimu za inchi 7 kwenye Datsun 240Z

Bluu_ya_1972:
Salamu, wanajukwaa. Datsun 240Z yangu ya mwaka 1972 imemaliza kupigwa rangi, na rimu zake za chuma za inchi 4.5 kwa 14 nimeziweka stoo baada ya kupata nne za aloi zenye upana wa inchi 7, kipenyo cha inchi 15 na ofseti sifuri (uso wa kufungia rimu uko katikati kabisa ya upana wake). Matairi ya awali yalikuwa 175HR14, ya zama ambazo uwiano wa ubavu (urefu wa ubavu kama asilimia ya upana wa tairi) haukuandikwa kwa sababu ulieleweka kuwa ni takriban asilimia 80. Nasitasita kati ya saizi tatu: 195/65R15, 205/60R15 na 225/50R15. Moyo wangu uko kwa 225, kwa kuwa ndilo linalojaza madigadi ya nyuma jinsi ninavyopenda, lakini sitaki kununua matairi manne kwa macho kisha nikayasikia yakisugua kila nikatapo kona. Gari ni la barabarani, si la mashindano, na springi ni za urefu wa kiwandani.

Rula_na_Kalamu:
Ndugu Bluu, upana uache kwanza, uanze na kipenyo kizima cha gurudumu, kwa sababu ndicho kinachogusa spidomita, gia na urefu wa gari kwa pamoja. Hesabu ni nyepesi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, kisha unajumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi lako la zamani linatoa kama milimita 636. La 195/65R15 linatoa 634.5, yaani karibu sawa kabisa. La 205/60R15 linatoa 627, pungufu ya asilimia moja na nusu hivi. La 225/50R15 linashuka hadi 606, pungufu ya karibu asilimia 5. Hapo spidomita itakuonyesha 100 wakati gari linakwenda 95, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika itazunguka kama 3,150 kwa mwendo uleule, na gari zima litashuka milimita 15 hata kama springi hazijaguswa.

Jambo la pili ni rimu yenyewe. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu ulioruhusiwa. Saizi ya 195/65 inakubali inchi 5.5 hadi 7, kwa hiyo wewe ungekuwa umesimama ukingoni kabisa. 205/60 inakwenda hadi 7.5, 225/50 inakubali 6 hadi 8, na inchi 7 ndiyo rimu ambayo upana wake rasmi hupimiwa. Nani anataka ubavu uliovutwa hadi ukalala, halafu ukingo wa rimu uwe ndio wa kwanza kugonga kila jiwe?

Mzee_Karibureta:
Rula, hesabu zako hazina kasoro, ila umeisoma hasara upande mmoja. Asilimia 5 hiyohiyo ni gia fupi zaidi bila kufungua difu, na injini yake ya L24 ya sentimita za ujazo 2,393 haichukii kuzungushwa. Nimetumia 225/50R15 kwa miaka sita kwenye rimu za vipimo hivihivi. Gari linachomoka vizuri kwenye kona fupi, na kuhusu spidomita, nilibadilisha ile gia ndogo ya plastiki inayoendesha waya wake kwenye giaboksi, nikaweka yenye meno yanayofaa, ikatulia. Kuna pia faida ambayo watu huisahau: kikombe cha springi kwenye stratu (nguzo zinazobeba springi na shokomzoba) za gari hili kimekaa chini, karibu na kichwa cha tairi, na tairi fupi hupita chini yake kwa nafasi nzuri zaidi kuliko refu.

Nikiri pia kasoro zake. Usukani wa 240Z hauna pawa, na ukiegesha gari kwa matairi hayo mabega yanajua. Barabara yenye mifereji iliyochimbwa na malori, gari hufuata mifereji badala ya kukufuata wewe.

Spana_Kumi_na_Saba:
Mzee wangu, hiyo ya mifereji haitokani na upana wa tairi peke yake. Ofseti ikishuka, gurudumu husogea nje, na umbali kati ya katikati ya tairi na pale mhimili wa usukani unapogusa ardhi huongezeka. Kila shimo hupata mkono mrefu zaidi wa kuuvuta usukani, na beringi za habu hubeba mzigo ambao hazikupangiwa. Kwa hiyo Bluu ajue kwamba sehemu ya uzito huo ameshainunua pamoja na rimu, achague tairi lolote.

Kuhusu upana, namba za ubavuni zinadanganya kidogo. Upana rasmi wa 205/60 hupimwa kwenye rimu ya inchi 6, na kila nusu inchi inayoongezwa hulipanua tairi kwa takriban milimita 5. Kwenye inchi 7 tairi hilo huwa limenenepa kwa kama milimita 10, wakati 225/50 linabaki na upana wake uleule. Zile milimita 20 unazoziona kwenye maandishi, ndugu Bluu, hupungua sana tairi likishafungwa.

Usinunue kabla ya kupima. Toa springi kona moja ya mbele, rudisha stratu bila springi, funga rimu pamoja na tairi lolote la kuazima la saizi iliyo karibu, kisha inua kwa jeki taratibu hadi mwisho wa safari yake huku mwenzako akizungusha usukani kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Bandika vipande vya udongo wa kufinyangia, ule wa watoto wa shule, kwenye ukingo wa madigadi na pale chini mbele ambapo madigadi huungana na sketi ya bampa. Udongo haubishani na mtu.

Inchi_Kumi_na_Sita:
Mbona hakuna anayetaja 225/50R16? Kipenyo chake ni milimita 631, upana uleule anaoutaka, na matairi mazuri ya inchi 16 yanapatikana kwa urahisi kuliko ya 15.

Rula_na_Kalamu:
Kwa kipenyo uko sahihi, lakini rimu ameshanunua, tena zinalifaa gari kwa umri wake. Upatikanaji ndilo la maana katika hoja yako, kwani saizi zisizouzwa haraka hukaa rafuni hadi mpira unakakamaa. Bluu, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hakikisha pia herufi ya mwendo (kasi ya juu ambayo tairi linaruhusiwa) haiko chini ya H ya awali, yaani kilomita 210 kwa saa.

Bluu_ya_1972:
Nimerudi na majibu. Niliazima 225/50R15 moja na 205/60R15 moja, nikafanya kama Spana alivyoelekeza. Nyuma yote mawili yalipita, na Mzee alisema kweli kuhusu kikombe cha springi, kwa maana kidole changu kilipita juu ya 225 bila shida ilhali juu ya 205 kilibana. Mbele ndiko mambo yalikobadilika: usukani ukiwa umekatwa robo tatu na stratu ikiwa imepanda, 225 liliuchapa udongo wa kona ya chini hadi rangi mpya ikaonekana, na 205 likaacha alama ya kina cha kama milimita 3 bila kufika kwenye bati.

Nimeagiza 205/60R15 zote nne. Saizi ya 195/65 niliipenda kwa kipenyo, ila zote nilizozipata zilikuwa na uso wa matairi ya gari la familia, na rimu ya inchi 7 ingeyavuta hadi kikomo.

Mzee_Karibureta:
Umechagua kwa udongo, siwezi kukubishia. Kwenye gari langu kona hiyo niliikunja kwa nyundo kabla ya kupaka rangi, jambo ambalo nilipaswa kulisema mapema.

Spana_Kumi_na_Saba:
Siku ya kufunga, angalia nati. Za rimu za chuma zina kichwa cha koni, na rimu nyingi za aloi za zamani hutaka zenye shingo ndefu na washa bapa. Stadi (bolti za habu zinazopokea nati) ni za milimita 12 zenye hatua ya milimita 1.25 kati ya nyuzi, hivyo nati ikishika chini ya mizunguko 10, usitoke na gari. Ukishajaza upepo kwa kiwango cha kitabu cha gari, chora mstari wa chaki upana mzima wa uso wa tairi, endesha mita chache ukiwa umenyooka, ushuke utazame chaki imefutika wapi. Ikibaki pembeni, punguza upepo. Ikibaki katikati, ongeza.