Kamera Ikishatuonyesha Mzuka, Shaka Inabaki Wapi?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naomba tujadiliane jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Husemwa kwamba hadithi ya mizuka ambayo utamu wake wote umo katika shaka haifai kutengenezewa filamu, kwa sababu mwandishi anaweza kutuacha tusijue kama mzuka upo au haupo, ilhali kamera haina njia hiyo: ama imetuonyesha mzuka, ama haikutuonyesha. Mfano unaotolewa kila mara ni The Turn of the Screw, hadithi ya Henry James iliyochapishwa mwaka 1898, na The Innocents, filamu ya mwaka 1961 iliyotokana nayo chini ya mwongozaji Jack Clayton. Mimi nashikilia kwamba mfano huo huo unathibitisha kinyume chake.

Kwa asiyeijua hadithi yenyewe, msichana wa miaka 20, binti wa kasisi maskini wa kijijini, anaajiriwa kuwalea na kuwafundisha watoto wawili yatima, Miles na Flora, katika jumba la Bly huko Essex, Uingereza. Baba yao mkubwa, anayewajibika kwao, anaishi London na sharti lake ni moja tu, kwamba asisumbuliwe kwa lolote. Haupiti muda mrefu kabla mlezi hajaanza kuwaona watu wawili waliokwisha kufa: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa bwana huyo, na Bi Jessel, mlezi aliyemtangulia. Anaamini kwamba marehemu hao wamerudi kuwachukua watoto. Hakuna mtu mzima mwingine anayekiri kuwaona, na karibu yote tunayoyajua yametoka kwenye kalamu yake yeye mwenyewe. Tangu mhakiki wa Marekani, Edmund Wilson, alipoandika mwaka 1934 kwamba mizuka hiyo ni zao la akili ya mlezi, wasomaji wamegawanyika, na sioni dalili kwamba watapatana.

Sasa tutazame filamu ilichokifanya, na hapa naomba tuwe na subira, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Katika kitabu, mlezi anamwona Quint kwa mara ya pili akiwa nje ya dirisha, kisha anamweleza kwa Bi Grose, msimamizi wa nyumba: nywele nyekundu zilizojikunja, hakuvaa kofia, nguo nzuri ambazo hazikuwa zake. Bi Grose anamtambua papo hapo. Mlezi hajawahi kumwona mtu huyo akiwa hai, wala hajaonyeshwa picha yake. Huo ndio mfupa unaowakwama kooni wote wanaosema kwamba mlezi amerukwa na akili, kwa sababu mtu hawezi kubuni sura ya mtu asiyemjua ikalingana hadi rangi ya ndevu. Filamu inauondoa mfupa huo kwa tendo moja dogo. Watoto wanacheza mchezo wa kujificha, mlezi anapanda darini kuwatafuta, na miongoni mwa vikorokoro anakuta kisanduku cha muziki ambacho ndani yake mna kijipicha cha mwanamume, kioo chake kimepasuka. Anakitazama. Baada ya hapo ndipo anapojificha nyuma ya pazia na uso wa Quint unamjia kutoka gizani, ng'ambo ya kioo cha dirisha. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Waandishi wa mswada, William Archibald na Truman Capote, wamemnyang'anya mlezi ushahidi wake mkubwa kuliko wote, kwani sasa uso ule angeweza kuwa ameubeba kichwani tangu darini.

Lau wangeishia hapo, ningekubali kwamba filamu imemhukumu. Lakini kuna chumba cha masomo. Katika kitabu, mlezi anamkuta Bi Jessel ameketi mezani, anampigia ukelele, na mara chumba kinabaki kitupu, hamna kitu ila mwanga wa jua. Katika filamu, mwanamke yule ameinama na kulia, kisha anatoweka. Mlezi anasogea mezani, ananyoosha kidole, na juu ya kibao cha kuandikia anagusa chozi. Limelowa. Nasi tunaliona. Ushahidi uliotwaliwa darini umerudishwa chumbani kwa sura nyingine, sura ambayo Henry James hakuiandika kabisa. Kwa hiyo watengenezaji hawakuinakili shaka ya kitabu. Waliibomoa, wakaijenga upya kwa vifaa vyao wenyewe, na naona kwamba huo ndio uaminifu wa kweli kwa hadithi ya namna hii.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na suala la kijipicha sina ubishi nalo. Ila umeruka jambo kubwa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimemwona Bi Jessel kwa macho yangu: amesimama kati ya matete, ng'ambo ya ziwa, mchana, nguo nyeusi, hatikisiki. Hakunijia kwa maneno ya mtu ambaye ninaweza kumshuku. Amewekwa mbele yangu kama mti na maji vilivyowekwa mbele yangu, na kamera haikumpa ukungu wala mwanga wa kumtofautisha na vitu vingine vya kawaida. Kitabuni kila sentensi ina sauti ya mlezi, na nikitaka ninarudi nyuma kuipima. Hapa nimpime nani?

Tena kitabu kina ukumbi wake wa kuingilia. Wageni wamekusanyika msimu wa Krismasi, mmoja wao anasoma mswada alioachiwa na mlezi ambaye amekwisha kufa miaka mingi, na anayetuhadithia sisi ni mwingine tena. Hadithi imepita mikono mitatu kabla ya kutufikia, na kila mkono unaongeza umbali. Filamu imekata yote hayo. Chozi lako, ndugu yangu, nalo linanisaidia mimi zaidi kuliko linavyokusaidia wewe, maana mtu asiyekuwepo halii.

Mchangiaji wa pili

Naona nyote wawili mmepita mlango ulio wazi. Mlezi wa kitabuni ana miaka 20. Deborah Kerr, aliyemwigiza, alikuwa anakaribia 40, na filamu imempa hata jina, Bi Giddens, wakati Henry James alimwacha bila jina. Msichana wa miaka 20 aliyevutiwa na mwajiri wake baada ya kukutana naye mara mbili tu ni ujana. Mwanamke wa makamo aliyelelewa nyumbani kwa kasisi, ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kupenda, kisha anakabidhiwa mvulana anayembusu usiku mwema kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, ni hadithi nyingine kabisa. Sisemi kwamba ni mbaya. Ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Nasema tusiiite ile ile.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Nianze na suala la matete, kwa sababu ndilo zito.

Ni kweli kwamba Bi Jessel anaonekana wazi. Lakini naomba turudi tukaangalie tunafikaje kwake. Flora anavumisha wimbo wake, mlezi anainua macho, uso unabadilika, na sisi tunabaki na uso huo kwanza, tukijiuliza ameona nini. Ndipo kamera inapogeuka. Mara nyingi filamu hii inatanguliza hofu kabla ya kitu kinachoogopwa, na ninapolitambua hilo ninaelewa kwamba kitu kinachokuja baadaye kinaweza kuwa ziwani au kikawa nyuma ya macho yale. Unauliza umpime nani. Umpime yeye, kwa uso, kama ulivyompima kitabuni kwa sentensi. Na mpigapicha Freddie Francis hakuiacha fremu huru hata kidogo. Studio ilitaka picha pana ya sinemaskopu, naye akatengeneza vichujio vilivyopakwa rangi ili kingo za kulia na kushoto zimezwe na giza, hasa katika matukio ya usiku. Mlezi anapopita kwenye ushoroba na mshumaa, jumba lote lipo, lakini tunaloruhusiwa kuliona ni lile linaloangukiwa na mwanga wake.

Kuhusu ukumbi wa kuingilia, nasikitika nao pia, kwa kuwa mkusanyiko ule wa Krismasi naupenda. Hata hivyo nafasi yake haikuachwa tupu. Filamu inafunguka kwa skrini nyeusi tupu na sauti ya mtoto akiimba, kwa muda ambao mtazamaji anaanza kudhani kwamba mashine imeharibika. Kisha mikono iliyofumbatwa kwa sala, kilio, na mwanamke anayesema kwamba alitaka kuwaokoa watoto tu. Hatujui bado ni watoto gani wala kimewapata nini, lakini tayari tumewekwa mbele ya mtu anayejitetea. Mara moja tunahamia ofisini, ambako mwajiri anamuuliza kama ana uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo, naye anakubali kwa furaha.

Ndugu mchangiaji wa pili, kwako nasalimu amri kwa sehemu kubwa. Umri ule umeusogeza mzani, na mwisho wa filamu, pale mlezi anapombusu mdomoni mtoto aliyekwisha kukata roho mikononi mwake, unaniwia vigumu kuusoma nje ya maelezo ya Wilson. Kitabu kinamaliza kwa moyo mdogo uliosimama, bila busu. Hapo watengenezaji walichukua upande, na sitawatetea kwa nguvu.

Ila chozi silitoi. Ndugu mchangiaji wa kwanza anasema asiyekuwepo halii, nami namuomba aitazame tena ile meza. Mlezi yuko peke yake. Bi Grose hayupo, watoto hawapo. Maji yale yapo juu ya kibao, na mwanamke aliyeinama juu yake wakati tunapoyaona ni Bi Giddens.