Naombeni ushauri: nimetoa upepo kwenye rejeta, gari bado linachemsha

Mshale_Juu: Wakuu, nimebadilisha kulanti (maji ya kupoza injini) mwenyewe na tangu hapo sina amani. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta, mshale wa joto unapanda, nikipiga resi unashuka. Nyuma ya dashibodi maji yanabubujika. Hita inatoa joto, mara inapuliza baridi. Najua ni upepo umebaki ndani. Nimefungua mfuniko, nikawasha, nikaongeza maji, wapi! Nakosea wapi? Keshokutwa nina safari ndefu na familia.

Gia_Tano: Ng'oa thermostati, kile kidude kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Langu linatembea bila hiyo mwaka wa ngapi sijui, halijawahi kuchemsha.

FundiMkimya: Gia_Tano, injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kuchakaa mapema. Mshale_Juu, injini ikiwa baridi kabisa, egesha pua ya gari kwenye mwinuko ili mdomo wa rejeta uwe juu. Hita iweke kwenye joto la mwisho. Kama kuna skurubu ya kutolea upepo, ilegeze mpaka yatoke maji matupu bila povu, kisha kaza. Jaza taratibu, washa, acha sailensa mfuniko ukiwa wazi. Thermostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Kabla ya hapo upepo umefungiwa upande wa injini, na wengi hukata tamaa hapohapo. Minyaminya mpira wa juu wa rejeta, maji yakishuka ongeza. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, ndipo ufunge.

Mama_Usukani: Jamani, mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto! Shemeji yangu aliungua mkono mzima. Mle ndani maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Ukifungua tu, yanakurukia. Mpaka leo hasogelei boneti, hata kuangalia oili anamtuma mtoto.

Neno_Moja: Mimi naona la kuulizana ni moja: familia inapakiwaje kwenye gari ambalo mwenyewe hulielewi?

FundiMkimya: Mshale_Juu, kulanti ulibadilisha kwa nini?

Mshale_Juu: Muda wake ulifika tu mkuu. Nimefuata maelezo yako yote, mapovu hayaishi.

FundiMkimya: Muda wake tu? Ukiwasha asubuhi, mpira wa juu unakuwa mgumu kabla maji hayajapata moto?

Mshale_Juu: Unakuwa mgumu, ndiyo. Sawa, nieleze. Lilichemsha usiku nikiwa njiani, nikaendelea hadi nyumbani. Pale hapakuwa mahali pa kusimama, yeyote angefanya hivyo. Na mshale ulipanda, halafu ukashuka wenyewe hadi chini, kwa hiyo nilijua limepoa. Mvuke nimeuona nikiwa nimeshafika. Dawa ya kuziba rejeta nimeshanunua, naimwaga kesho na nitabeba madumu ya maji. Sioni tatizo.

Jicho_Pembeni: Hapo umejifunga. Mshale chini, mvuke juu? Hadithi ya kutunga hii. Wasimamizi fungeni uzi, tunapotezewa muda.

Gia_Tano: Nami nilishaanza kuhisi. Kila akiulizwa linaongezeka jipya.

FundiMkimya: Hajatunga. Sensa ya joto hupima ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakipungua inabaki hewani, inasoma chini huku chuma kinaungua. Mtu wa kutunga angeuacha mshale juu, maana wengi hawalijui hili, na injini nyingi zimekufa hivyo. Sasa ndugu yangu, mapovu yasiyoisha na mpira unaokakamaa mapema vinanipa shaka kwamba gasi ya silinda inapenya gasketi ya hedi, yaani kizibo kilichobanwa kati ya injini na kifuniko chake cha juu, na kuingia kwenye maji. Hata ukitoa upepo mwezi mzima, mwingine unaingia. Dawa usimwage, inaweza kuziba vijia vya hita. Tafuta fundi mwenye kipimo cha gasi cha kuweka kwenye mdomo wa rejeta. Kwa injini ya petroli, kimiminika cha bluu kikigeuka njano, jibu umepata.

Mshale_Juu: Oili yangu ni safi, haina rangi ya maziwa ya kuingiliwa na maji. Kwa hiyo gasketi ni nzima. Mnanitisha tu.

Mama_Usukani: Yangu nayo ilikuwa safi, kaka. Gasketi ilikatika kati ya silinda na njia ya maji, kwenye oili haikugusa. Pima kwanza, watoto hao.

Mshale_Juu: Nimepima. Imekuwa njano. Safari tutapanda basi. Nikinunua gasketi mpya na kuipachika mwenyewe itatosha?

FundiMkimya: Haitoshi. Hedi ya alumini ikiungua hupinda. Ipelekwe ikapimwe unyoofu, ikibidi isawazishwe kwa mashine, na wakague nyufa. Bolti usirudishe za zamani kabla ya kusoma kitabu cha injini hiyo, nyingi hutanuka zikikazwa na hutumika mara moja. Mpangilio wa kukaza nao umo humohumo, mara nyingi unaanzia katikati kwenda nje.