Mrejesho: maana ya jina la ukoo Walker

Wiki iliyopita niliuliza kama Walker, jina la ukoo la Kiingereza, lilimaanisha mtembeaji au tarishi wa miguu. Nawashukuru mlionijibu, nimefuatilia na kuona kwamba nilikosea. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, wealcere, yaani fundi aliyekanyaga kitambaa cha sufu kilichotoka kufumwa, akiwa peku ndani ya hodhi la maji na mkojo uliochacha (naam, mkojo, kwa sababu uliondoa mafuta ya sufu), mpaka nyuzi zikashikana na kitambaa kikawa kizito. Kazi hiyohiyo ilizaa Fuller kusini mashariki mwa Uingereza na Tucker kusini magharibi, ilhali Walker, lililoshamiri kaskazini, ndilo lililoenea kuliko yote mawili.